Maswali ya wasomaji: kwa nini asidi bila maji haiachii protoni

Mwezi huu mada ni moja. Toleo lililopita tuliandika kwamba asidi kali ni ile inayojitenga yote kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji, ikiingia kwenye maji, ikiachia protoni (haidrojeni iliyopoteza elektroni, H⁺), na barua zikaanza kumiminika, wengi wanauliza inajitengaje, nguvu inatoka wapi, na nini kinatokea kama maji hayapo. Nimechagua sita, na ile ya kwanza nimeipa nafasi kubwa maana ukiielewa hiyo zilizobaki zinafunguka zenyewe.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi niko kidato cha sita mchepuo wa PCB (fizikia, kemia, biolojia). Juzi maabara tulichukua gesi ya haidrojeni kloraidi tukaiyeyusha kwenye maji na nyingine kwenye tolueni kavu. Ile ya maji taa ya kupima kama umeme unapita iliwaka, litmasi ikawa nyekundu, magneziamu ikatoa mapovu. Ya tolueni kimya kabisa, hakuna kilichotokea. Alafu kitabuni nikakuta kuitenga HCl iwe H⁺ na Cl⁻ kunataka kilojuli 1395 kwa moli. Sasa hiyo nguvu inatoka wapi wakati hatukuchemsha kitu? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hongera kwa kuunganisha jaribio na namba ya kitabuni, wengi wanaviacha vikae kila kimoja kwake.

Hiyo 1395 ni ya kweli, ila ni ya gesi, yaani molekuli iko peke yake haina chochote pembeni. Tuijenge uone inatoka wapi. Kwanza unavunja bondi ya H na Cl kila atomi ibaki na elektroni yake, hapo umetoa kilojuli 432. Pili unaing'oa elektroni ya haidrojeni ibaki protoni tupu, na hapa ndo penyewe, 1312. Tatu klorini inaipokea ile elektroni na inakurudishia 349. Jumlisha mbili za kwanza, toa ya tatu, unapata 1395. Angalia vizuri: bondi ambayo tunaisema kila siku darasani haifiki hata theluthi ya gharama, gharama kubwa ni kuipata protoni tupu. Na protoni tupu haina elektroni hata moja, ni kiini kitupu, chaji yake yote imejibana kwenye kitu kidogo kuliko atomi kwa maelfu na maelfu ya mara, kwa hiyo popote penye molekuli nyingine haikai peke yake hata kidogo, inadaka chochote kilicho karibu.

Sasa linganisha na joto la chumba. Kwa nyuzi 25 joto linachangia kama kilojuli 2.5 kwa moli. Ni kweli kwamba kwenye gesi kujitenga kunaongeza entropia (kipimo cha uhuru wa chembe kutawanyika), kitu kimoja kinakuwa viwili, inapanda juli 75 kwa kelvini, ila ukizidisha kwa halijoto unapata kilojuli 22 na kidogo tu, nishati huru (joto linalohitajika ukitoa mchango wa entropia, ikiwa hasi jambo linakwenda lenyewe) inabaki 1373. Ukiigeuza hiyo kuwa konstanti ya msawazo, namba inayoonyesha kiasi kinachojitenga, unapata kama 10 kwa kipeo cha hasi 240. Atomi za ulimwengu wote tunaoweza kuuona zinakadiriwa kuwa 10 kwa kipeo cha 80 hivi. Yaani ukiijaza HCl kila mahali bado hutegemei kukuta hata protoni moja iliyojitenga yenyewe kwa joto la chumba. Kwa hiyo kwenye gesi HCl siyo asidi kali, na kwa kipimo hicho hakuna asidi yoyote inayojitenga yenyewe, zote zinang'ang'ania.

Maji yanabadilisha hesabu yote. Protoni ikiingia kwenye maji inarudisha kama kilojuli 1091 kwa moli, na ioni ya kloraidi inarudisha kama 379. Jumla 1470. Ulitoa 1395, umerudishiwa 1470, umebaki na 75 mkononi, na ndo maana ukiipitisha gesi ya HCl kwenye maji chombo kinapata moto, shika bika ukiwa makini utausikia huo moto. Hiyo 75 imepimwa, siyo ya kukisia. Entropia safari hii inashuka, inakula kama 39, ila bado nishati huru ni hasi 36, gesi inaingia majini na kujitenga bila kusukumwa. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba nguvu ya kuitenga HCl inatolewa na maji wakati yanazikumbatia zile ioni, na zote mbili zinatokea kwa wakati mmoja. Hakuna dakika ambayo protoni ilikaa tupu ikisubiri maji. Inatoka kwenye klorini ikiwa tayari imeshikwa na oksijeni ya maji, na molekuli ya kwanza ya maji peke yake ina uwezo wa kuishika protoni kwa kilojuli 691.

Neno moja kuhusu 1091, maana utakuja kukuta kitabu kingine kimeandika 1150 na ya kloraidi 320 na kitu, ukadhani kuna kilichokosewa. Hakuna. Huwezi kupima joto la ioni moja peke yake kwenye maji, ioni zinaingia kwa jozi, kinachopimwa ni jumla na kila mtaalamu anagawanya kwa njia yake. Jumla ya 1470 haibadiliki. Kwenye mtihani tumia namba za kitabu kimoja, usichanganye.

Na tolueni sasa. Tolueni haina ule upande hasi unaoweza kuidaka protoni kama oksijeni ya maji, na haina haidrojeni za kuizunguka kloraidi. Alafu kuna suala la zile ioni kuvutana zenyewe kwa zenyewe. Chukua chaji mbili, chanya na hasi, zikiwa nanomita 0.3, kwenye ombwe zinavutana kwa kilojuli 463 kwa moli. Kwenye maji, ambayo namba yake ya dielektriki (inayoonyesha mvuto wa chaji unadhoofishwa mara ngapi) ni 78, kwa hesabu ya haraka mvuto huo unabaki kama 6. Kwenye tolueni ambayo namba yake ni 2.4 unabaki 193, na joto la chumba ni lile lile 2.5, kwa hiyo hata zikijitenga zinarudiana papo hapo. Hili la dielektriki J. J. Thomson na Walther Nernst walilisema tangu 1893, miaka 9 tu baada ya Svante Arrhenius kuandika tasnifu yake kule Uppsala kwamba chumvi na asidi zinakuwa ioni kwenye maji. Watahini wake walimpa daraja la chini kwa wazo hilo, 1903 likampatia Nobeli.

Kama mnalirudia jaribio, ongezeni hatua hii: mimina maji kidogo kwenye ile tolueni yenye HCl, tikisa, acha itulie. Maji yatakaa chini, tolueni juu. Chovya litmasi kwenye maji ya chini, itakuwa nyekundu palepale, na ukitupia kipande cha marumaru kitachemka mapovu. Ni HCl ile ile iliyokuwa kimya, imehama tu. Mwalimu awepo, fanyeni kwenye kabati la moshi na pasiwe na moto karibu, mvuke wa tolueni unawaka.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, habari za kazi. Mimi huwafundisha vijana kwamba HF ni asidi dhaifu kwa sababu bondi ya H na F ni kali sana kuliko za HCl, HBr na HI. Mwanafunzi mmoja aliniletea jedwali linaloonyesha kwamba HF ikijitenga majini hutoa joto, yaani entalpia ni hasi. Kama hutoa joto mbona haijitengi yote? Nilikosa la kumwambia. (Mwalimu wa kemia, Kilifi)

JIBU: Nzuri mwalimu, na huyo kijana mtunze. Maelezo ya bondi yana ukweli ila hayafiki mwisho wa safari. Bondi ya HF ni 570 na ya HI ni 298, tofauti kubwa kweli, na kwenye gesi mpangilio unafuata hivyo hivyo: kuitenga HF kunataka 1554, HCl 1395, HBr 1353, HI 1315. Mpaka hapo uko sawa.

Ila fluoraidi ni ioni ndogo, chaji imebanana, maji yanaishika kwa nguvu sana, kama kilojuli 524 ukilinganisha na 379 za kloraidi. Sasa toa: 1554 punguza 1091 punguza 524, unabaki na hasi 61. HCl ilikuwa hasi 75. Umeona? Ukianzia gesi hadi ioni ndani ya maji, zile 159 zilizotofautisha HF na HCl karibu zote zimelipwa na maji, imebaki tofauti ya kama 14 tu. Mtu akikwambia HF ni dhaifu kwa sababu ya bondi peke yake, muulize hizo zingine zimekwenda wapi.

Udhaifu unatoka sehemu mbili ambazo vitabu vingi vinazipita. Ya kwanza, molekuli nzima ya HF yenyewe inapendana na maji, inashikana nayo kwa bondi za haidrojeni na inatoa kama kilojuli 49 kwa kuyeyuka tu bila kujitenga. Kwa hiyo hasi 61 siyo faida yote ya kujitenga, 49 ilishapatikana kabla, faida ya kujitenga ni 12 tu. Hiyo ndo hasi aliyoiona mwanafunzi wako.

Ya pili ni entropia, na hapa ndo naomba upakazie darasani. Ioni ikiingia kwenye maji, molekuli za maji zilizoizunguka zinapoteza uhuru wake. Fikiria watu wa stendi wanazurura kila mtu na shughuli yake, basi likiingia wote wanageukia mlangoni wanabanana hakuna anayetembea tena. Molekuli za maji nazo zinageuzia oksijeni kwa ioni chanya na haidrojeni kwa ioni hasi, na fluoraidi kwa udogo wake inazibana kuliko kloraidi. Kwa HF kujitenga majini entropia inashuka juli 102 kwa kelvini kwa moli. Zidisha na 298, hiyo ni gharama ya kilojuli 30 na nusu. Faida 12, gharama 30, unabaki na chanya 18, na chanya 18 ndo pKa ya 3.2 (pKa ni kipimo cha nguvu ya asidi, ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi). Kwa hiyo kijana yuko sahihi, joto linatoka, na wewe uko sahihi, asidi ni dhaifu.

SWALI: Dada wa safu nisaidie. Natengeneza achari za kuuza, naambiwa nikiipasha siki moto asidi inakuwa kali zaidi ndo maana embe zinaiva haraka. Ni kweli? (Mama wa achari, Tanga)

JIBU: Hapana dada yangu, embe zinalainika haraka kwa sababu ya joto lenyewe, asidi imebaki pale pale. Siki ni asidi ya asetiki kwenye maji, na ile ya asilimia 5 kati ya molekuli 1000 za asidi ni kama 5 tu zimeachia protoni, zilizobaki zote ni nzima. Ukiipasha hali haibadiliki kitu, maana kujitenga kwa asidi ya asetiki hakuli joto na wala hakutoi joto, entalpia yake ni hasi 0.4 ya kilojuli, karibu na sifuri kabisa, na kitu kisichokula wala kutoa joto hakijali sana umeongeza moto au umepunguza. Harned na Ehlers waliipima hii kwa uangalifu mkubwa mwanzoni mwa miaka ya 1930: pKa kwa nyuzi 0 ni 4.78, kwa 25 ni 4.76, kwa 60 ni 4.81. Inashuka kidogo alafu inapanda kidogo.

Na wanaosoma kemia waliangalie hili kwa jicho la pili. Nishati huru ya asidi ya asetiki kujitenga ni chanya 27, na entalpia ni sifuri. Zote 27 zinatoka kwenye entropia, juli 92 zinazopotea kwa kila kelvini. Maji yamelipa gharama yote ya kuvunja bondi mpaka senti ya mwisho, na bado siki ni dhaifu, kwa sababu tu ya maji kupangwa kuzunguka ioni. Siku nyingine ukisikia kwamba siki ni dhaifu kwa sababu haidrojeni yake imeshikwa sana na oksijeni, kumbuka hiyo sifuri.

SWALI: Habari kaka. Nafanya kazi maabara ya kiwanda, tunapima maji ya boila. Maji safi ya mvuke uliopoozwa, chombo kimezibwa hewa haiingii, nikipima yakiwa nyuzi 60 mita inasoma 6.5. Nikiacha yapoe hadi 25 inakuja 7. Msimamizi anasema mita mbovu au maji yana asidi. Mita ina kurekebisha halijoto yenyewe. (Fundi maabara, Moshi)

JIBU: Mita yako nzima na maji yako hayana asidi. Maji nayo ni asidi kwa kiasi chake, molekuli moja inampa mwenzie protoni, na tofauti na siki hii inakula joto kweli, kilojuli 56 kwa moli. Ni zile zile 56 mnazozipata kidato cha nne mkichanganya asidi kali na besi kali kwenye kikombe cha plastiki na kipimajoto, mmoja anakwenda huku mwingine anarudi. Kitu kinachokula joto ukikipasha kinasonga mbele. Kwa hiyo kwa nyuzi 25 lile zao la ioni (kiasi cha H⁺ ukikizidisha na cha OH⁻) ni 10 kwa kipeo cha hasi 14, neutrali inakuwa pH 7. Kwa 60 kipeo ni hasi 13.02, neutrali ni 6.51. Mwilini kwa 37 neutrali ni 6.8, kwa 100 ni 6.1 hivi. H⁺ zimeongezeka na OH⁻ zimeongezeka sawasawa, hakuna upande uliozidi, na asidi maana yake upande mmoja umezidi.

Kuhusu kurekebisha halijoto, hapa ndo watu wengi wanachanganyikiwa. Mita inarekebisha elektrodi yake, ambayo kwa nyuzi 25 inatoa milivolti 59.2 kwa kila pH moja na kwa 60 inatoa 66.1. Hairekebishi maji. Ikikwambia 6.5 kwa nyuzi 60 inasema ukweli wa maji yalivyo muda huo. Kama kiwanda kina rekodi za pH 7 kama lengo, andika pembeni halijoto uliyopimia, la sivyo namba mbili hazilinganishiki. Na endelea kuziba chombo, maji safi yakikaa wazi yanavuta kaboni dayoksaidi yanashuka hadi 5.6 hivi, hapo sasa asidi itakuwepo kweli.

Kwa kuwa uko kwenye mambo ya boila nikuongezee moja. Ukiendelea kupandisha moto ndani ya chombo kilichofungwa, kujitenga kwa maji kunapanda hadi karibu na nyuzi 250, kipeo kinafika kama hasi 11, alafu kunageuka na kuanza kushuka japo joto linaongezeka. Sababu ni kwamba maji yanazidi kutanuka, molekuli zinaachana, namba ya dielektriki inaporomoka kutoka 78 mpaka chini ya 10 ukikaribia nyuzi 374 ambako maji na mvuke havitofautiani tena. Maji ya hali hiyo yameanza kufanana na ile tolueni ya mwanafunzi wa Morogoro, na hata HCl ndani yake inakuwa asidi dhaifu, inabaki molekuli nzima. Ndo maana gesi za volkano zinabeba haidrojeni kloraidi kama molekuli katikati ya mvuke mwingi wa maji, na inakuja kuwa asidi kali pale mvuke unapopoa na kuwa matone.

SWALI: Mwalimu, niko chuo mwaka wa pili kemia. Mhadhiri alipitisha haraka haraka kwamba kwenye gesi pombe ya tert-butanoli ni asidi kuliko metanoli, kinyume cha tulichosoma. Wanajuaje wakati umesema kwenye gesi hakuna kinachojitenga? Na mpangilio unageukaje? (Mwanafunzi wa chuo, Nairobi)

JIBU: Hawasubiri ijitenge yenyewe. Wanatengeneza ioni ya asidi moja ndani ya chombo cha ombwe, wanaishikilia kwa sumaku, wanaingiza gesi ya asidi ya pili kidogo, alafu wanaangalia kwa kupima uzito wa ioni kama protoni imehama. Ikihama, ile iliyoitoa ndo asidi zaidi. Ukilinganisha mbili mbili hivyo unapata ngazi nzima, na ngazi ukiifunga na HF au HCl ambazo tunazijua kutoka kwenye ile hesabu ya hatua tatu, kila moja inapata namba yake. John Brauman na Larry Blair walipolifanya hili kwa pombe mwishoni mwa miaka ya 1960, matokeo yaligeuza kitu kilichokuwa kinafundishwa kama sheria.

Namba ziko hivi, entalpia ya kutoa protoni kwenye gesi, ndogo ndo asidi zaidi: maji 1633, metanoli 1597, etanoli 1583, tert-butanoli 1567. Kwenye maji mpangilio unapinduka, metanoli inaongoza na tert-butanoli inakuwa ya mwisho. Tuliambiwa vikundi vya methili (CH₃) vinasukuma elektroni kwa oksijeni ndo maana tert-butanoli ni dhaifu, na maelezo hayo yanasikika vizuri masikioni, ila kama yangekuwa kweli yangefanya kazi kwenye gesi pia ambako molekuli iko na tabia yake yenyewe. Haifanyi. Kwenye gesi kundi kubwa linasaidia, wingu lake la elektroni linavutika na kuipunguzia makali chaji hasi. Kwenye maji kundi hilo hilo linaziba njia, molekuli za maji hazifiki vizuri kwenye oksijeni yenye chaji, na ioni ndogo ya metoksaidi inakumbatiwa kuliko ile kubwa. Kwa hiyo tulichokuwa tunakiita tabia ya kundi la methili kilikuwa tabia ya maji.

Kuna mengine ya kukutoa usingizini. Tolueni kwenye gesi inahitaji 1593, yaani ni asidi zaidi ya maji! Kwenye maabara ya kawaida hakuna anayeiita tolueni asidi. Fenoli na asidi ya asetiki, ambazo majini zimeachana kwa zaidi ya mara 100,000, kwenye gesi nishati huru zao ni 1432 na 1427, tofauti ya kilojuli 5 tu. Ioni ya asetati chaji yake imekaa kwenye oksijeni mbili zilizo nje nje, maji yanazifikia, ila ya fenoli sehemu ya chaji imesambaa ndani ya duara la kaboni ambako bondi za haidrojeni hazina pa kushika. Mabesi nayo vivyo hivyo, kwenye gesi kila methili unayoiongeza kwenye amonia inaongeza ubesi, nguvu ya kuishika protoni inatoka kilojuli 854 za amonia mpaka 949 za trimethilamini, majini inapanda mpaka dimethilamini alafu inarudi chini.

Na maji yanafanya jambo lingine, yanapunguza ukubwa wa tofauti. Weka klorini moja kwenye asidi ya asetiki, kwenye gesi inakuwa rahisi kutoa protoni kwa karibu kilojuli 50. Majini faida inabaki 11, pKa inatoka 4.76 kwenda 2.87, na zaidi ya nusu ya hiyo 11 inatoka kwenye entropia, kwa sababu chaji ikitawanyika kidogo maji yanabanwa kidogo. Ukiulizwa kwenye mtihani nguvu ya asidi jibu kwa kutenganisha, useme hii ni ya molekuli na hii ni ya kimiminika. Mhadhiri makini ataona umefika mbali.

SWALI: Fupi tu mwalimu. Molekuli ngapi za maji zinatosha HCl moja ijitenge? (Msomaji, Goma)

JIBU: Nne. Moja haitoshi, ukichukua 1395 ukatoa zile 691 za protoni kushikwa na maji ya kwanza bado unadaiwa 704, na mvuto wa ioni mbili zikikaa karibu haujazi pengo hilo, kwa hiyo HCl inaigeuzia tu oksijeni haidrojeni yake na kubaki nzima. Mbili bado, tatu bado. Mwaka 2009 watafiti wa Bochum, Ujerumani, waliingiza HCl moja na maji moja moja ndani ya matone madogo sana ya heliamu, kwenye baridi ya chini ya kelvini 1 ambako hakuna joto la kusaidia kitu chochote, wakawa wanasoma mwanga wa infraredi kila molekuli ilipoongezeka. Ya nne ilipoingia ioni ya haidroniamu (maji yaliyobeba protoni) ikaonekana, kloraidi iko upande wa pili, na katikati yao molekuli tatu za maji zimewatenganisha.